Kama Ulivyoniagiza

Pale kwenye kiwanda cha maziwa walimwita Mama Baruapepe, wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alitunza chumba cha baridi kwa miaka kumi na sita. Kila alipoagizwa jambo kwa meseji ya simu alilifanya, ila kwanza alikaa kwenye kompyuta yake yenye kibodi iliyofutika herufi akaandika baruapepe: "Kama ulivyoniagiza saa fulani, nafanya hivi. Naomba uthibitishe." Nakala kwa mkurugenzi.

"Mama, meseji imeshafika, barua ya nini tena?" wenzake walimtania.

"Ya kunipa usingizi."

Dada yake mkubwa, mpishi wa shule, alifukuzwa kazi kwa agizo la mdomo. Aliyelitoa alimruka kimanga. Dada akarudi nyumbani na aproni ndani ya mfuko wa plastiki. Mdogo mtu hajausahau mfuko ule mpaka leo.

Basi Jumanne moja msimamizi wake, hodari wa meseji na mvivu wa kusoma, akamwandikia apakie maziwa ya hospitali kwenye gari la pili. Akamjibu kwamba jokofu la gari hilo ni bovu. "We pakia," akaambiwa. Akaandika barua yake, akapakia. Maziwa yakafika yamechacha, yakarudishwa yote.

Alhamisi akaitwa ofisini kwa mkurugenzi. Barua ya kumfukuza ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa, inangoja sahihi ya mkurugenzi tu.

"Mimi sikumwagiza," msimamizi alisema bila kupepesa macho. "Amejiamulia mwenyewe."

Mama Baruapepe akatoa simu. Meseji mbili za msimamizi zilikuwa zimefutwa na mwenyewe aliyezituma. Akaiona tena akilini aproni ya dada yake.

"Mkurugenzi, fungua baruapepe yako."

"Mama, napokea barua nyingi sana..."

"Fungua."

Hakusema tafadhali. Tafadhali zake alishazimaliza ndani ya miaka kumi na sita. Mkurugenzi akafungua, akashuka na orodha kwenye kioo, akashuka tena. Barua za mama mia mbili na ushee, hakuna hata moja iliyokuwa imesomwa. Ya Jumanne ilikuwepo, saa tatu na robo: gari la pili, jokofu bovu, "We pakia", neno kwa neno.

Msimamizi akaanza kuangalia viatu vyake. Mkurugenzi akaichana ile barua ya kufukuza, lakini aibu ilikuwa imempanda usoni, na mkubwa akiaibika lazima atafute pa kuitua.

"Kazi yako unayo," alisema. "Ila kuanzia leo ni marufuku kutuandikia mabarua haya. Ongea na watu kama watu!"

"Nimesikia."

Akarudi kwenye kompyuta yake. Koti la baridi hakulivaa kwanza, wala maji hakunywa. Akaandika:

"Mkurugenzi, kama ulivyoniagiza leo saa tano na nusu mbele ya msimamizi, nisiwaandikie tena baruapepe. Naomba uthibitishe."