Siku Kumi Bila Spana

Ardell Pienkowski ana ugonjwa mmoja tu, nao ni wa mikono. Akiona nati imelegea, hata iwe kwenye benchi la kanisa, ataikaza. Nimefanya naye kazi miaka kumi na minane hapa Milwaukee, yeye nyapara, mimi mchomeleaji, na naapa sijawahi kumaliza bomba hata moja bila yeye kuja kunichungulia, kuguna, halafu aseme, "Kombo, hebu nipishe kidogo." Nipishe kidogo! Mimi Mwanakombo, niliyeshika cheti cha kuchomelea yeye bado kichwa cheusi!

Basi mwaka juzi bega lake la kulia likagoma. Madaktari walilipasua, wakalishona, wakamwambia asiinue tena kitu kizito kuliko birika la kahawa. Sasa kwetu sisi mafundi bomba, nyapara asiyeinua kitu ni wa nini? Bosi wetu, Joanne Hoefler, akamwita ofisini, akarudi amenywea.

"Nafasi ya msimamizi wa miradi yote inafunguka mwezi wa tatu," akatuambia. "Joanne anasema ni yangu nikipata cheti cha uongozi cha chama. Nisipopata, hana kazi nyingine ya kunipa."

Alikuwa bado miaka mitatu kufikia pensheni. Hakuna aliyecheka siku hiyo, hata fundi mwenzetu LaVonne Mabry, ambaye hucheka mpaka mazikoni.

Chama chenyewe ni cha wakandarasi wa mabomba na mitambo ya majengo, makampuni yote ya mji yamo, na wana darasa la manyapara, Alhamisi nane mfululizo. Ardell alikwenda Alhamisi ya kwanza kama anayepelekwa kung'olewa jino. Akarudi na daftari.

"Leo tumefundishwa kusikiliza watu," akasema.

"Unasemaje?" LaVonne akauliza.

"Kusikiliza!"

"Sijakupata, mzee."

"Nimesema kusi... Nenda zako huko!"

Hizo Alhamisi zilipita salama. Balaa ilikuwa zoezi la mwisho. Mwalimu wao, Gretchen Stuebe, mama mmoja mkavu aliyeendesha kampuni ya mabomba mpaka nywele zikawa nyeupe, aliwagawia karatasi. Siku kumi za kazi, nyapara haruhusiwi kugusa chombo chochote. Si spana, si bisibisi. Awaachie watu wake wafanye, yeye apange, aulize, aeleze kwa mdomo. Kila jioni watu wake wajaze kama amegusa au hajagusa. Na chini kabisa kulikuwa na swali la siku ya kumi, ambalo ndilo la kumpa au kumnyima cheti, na jibu linaandikwa na watu wake mwenyewe: *Huyu akiondoka hapa, kazi itaendelea au itasimama?*

Sisi tukajibiwa dua zetu, jamani! Tulikuwa tunafunga mabomba ya boila mpya ya kupashia joto madarasa katika shule moja upande wa kusini wa mji, viungo mia mbili na kumi na sita, na Ardell anazunguka tu mikono mfukoni. LaVonne akamletea glavu za jikoni, zile nene za kutolea bata mzinga kwenye oveni, zina maua ya zambarau. "Vaa hizi, mzee, zitakusaidia na kishawishi." Na akazivaa, masikini. Mimi nilikuwa naacha spana juu ya meza yake ya michoro, nikipita nasema, "Samahani bosi, nimesahau, hebu nipe." Anaisukuma kwa kiwiko, jasho linamtoka, na nje theluji imefika magotini.

Lakini kuna kitu kilikuwa kinatokea, na sisemi haya kumsifia. Siku ya nne nilichomelea bomba zima, kona mpaka kona, na hakuna aliyeniambia nimpishe. Nililikagua mwenyewe mara tatu kwa sababu nilijua hakuna mwingine atakayelikagua. Siku ya sita LaVonne aligundua mchoro umekosea upande wa valvu. Zamani angemwita Ardell. Safari hii alikuja kumwambia amegundua na ameshatengeneza.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Wewe, miaka tisa, ukininyang'anya spana," LaVonne akasema. "Nilikuwa naangalia."

Siku ya kumi ndiyo ilikuwa ya kupima. Mabomba yote yanajazwa upepo, sindano ya geji, kile kipimo cha presha, inapanda mpaka mia, halafu isicheze kwa saa mbili. Ikishuka, kuna mahali panavuja. Mwalimu Stuebe alikuja kuangalia mwenyewe, na Ardell alikuwa amemkabidhi LaVonne jambo zima tangu jana yake: yeye ndiye mkuu wa kupima. Tulipofika asubuhi geji ilikuwa imeshafungwa mahali pake. Mimi nikadhani ni LaVonne, yeye akadhani ni mimi, hatukuulizana.

Tukajaza upepo. Mia. Nusu saa, mia. Baadaye kidogo tisini na nane.

"Toba," nikasema.

Tisini na sita. Mwalimu Stuebe anaandika kitu kwenye kijitabu chake. LaVonne akachukua ndoo ya maji ya sabuni na brashi, akaanza kupaka kiungo kimoja kimoja, maana panapovuja povu litatoka. Alikwenda bila papara. Cha kwanza, cha ishirini, cha mia. Mimi nikapaka upande wa pili, nikiwaza kuwa ni bomba langu. Ardell alisimama mlangoni na glavu zake za maua. Usoni alikuwa mweupe kama theluji ya nje, na nikadhani anajizuia kugusa.

Viungo vyote mia mbili na kumi na sita, povu hakuna. Ikabaki geji yenyewe. LaVonne akaipaka sabuni, na pale pale chini yake povu likafura.

Sasa, sisi tuna desturi. Kiungo ukikikaza, unaweka alama yako kwa kalamu ya rangi, ili kikivuja tujue tumcheke nani. LaVonne huchora nyota ya buluu, mimi jembe jekundu. Ardell huchora kisamaki cha njano, kwa sababu Jumapili za baridi yeye yuko ziwani ametoboa barafu, anavua. LaVonne akainama kuangalia nyuma ya geji, upande wa ukutani. Halafu akabandika tambara lake pale na kuinuka.

"Ni kosa langu, mwalimu," akasema. "Nimeifunga mimi, sikuikaza sawasawa. Nisamehe."

LaVonne huyu! Anayecheka mazikoni! Macho makavu, anamtazama mwalimu usoni.

Mwalimu Stuebe akaandika. Angenyamaza tu, cheti kilikuwa chake, na pensheni yake, na kila kitu.

"Mwongo huyo," Ardell akasema. "LaVonne, toa hilo tambara."

"Mzee, acha."

"Toa, mwanangu."

Akalitoa. Kisamaki cha njano, na jicho lake, na mkia wake, kinatutazama.

"Nilikuja saa kumi na moja alfajiri," Ardell akasema. "Nilisema nitaangalia tu. Nikaona geji iko chini, haijafungwa, nikaifunga, nikakaza, bega halikuwa na nguvu ya kumalizia. Halafu nikatia alama yangu. Nimekuja kuiba na nimeacha jina langu!"

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikafanya yote mawili. Mwalimu Stuebe akamwambia LaVonne, "Wewe ndiye mkuu wa kupima. Endelea." LaVonne akaikaza geji robo mzunguko, akachora nyota yake ya buluu kando ya samaki. Tukajaza upepo upya, tukakaa juu ya ndoo tukila mikate yetu na soseji. Saa mbili nzima sindano haikutikisika.

Ndipo mwalimu akamkabidhi LaVonne ile karatasi na kalamu. LaVonne akaniita, tukanong'onezana, akaandika ameegemea boila. Ardell alitupa mgongo. Nilimwona anajifuta macho na glavu za jikoni.

Mwalimu Stuebe aliisoma kwa sauti, na mwandiko wa LaVonne ulivyo mbaya ilibidi asogee kwenye taa.

"Amegusa. Mara moja. Kazi itaendelea. Viungo mia mbili na kumi na sita tumefunga sisi, aliotufundisha yeye, na vyote vimeshika. Kilichovuja ni chake peke yake. Tafadhali mpeni hicho cheti, aondoke atuachie kazi."