Nilivyobishana na Tochi Tukienda Kuposa Kigwa

Aibu hii nimeificha kwa miezi kadhaa nikitumaini itasahaulika, lakini kwa kuwa dada yangu Yustina anaisimulia kila palipo na birika la chai, na kila mara anaongeza chumvi, nimeona heri niieleze mwenyewe kwa mpangilio, ili angalau namba ziwe sahihi.

Mimi ni mtu wa kupima. Shule niliishia darasa la saba, mengine nimejisomea dukani kwangu hapa Tabora mjini (natengeneza redio na saa, wateja wakikosekana nafungua kitabu), na nilipopata gari, kijigari kilichokwisha kutumika Japani, jambo la kwanza nililotaka kujua ni kama mshale wake wa spidi unasema kweli. Wengi hawajui kwamba mshale ule hauoni barabara. Unahesabu mizunguko ya gurudumu, basi, kisha unakisia, na watengenezaji huufanya makusudi uzidishe kidogo, maana heri dereva adhani anakimbia kuliko adhani anatambaa. Basi Jumapili moja baada ya misa nilikwenda kwenye lami yenye nguzo za kilomita, nikaushikilia mshale kwenye hamsini na tano kutoka nguzo hadi nguzo, mke wangu akiwa ameshika saa (alilalamika, lakini aliishika), na kila tuliporudia tulitumia sekunde sabini na mbili, ambazo kwa hesabu ni mwendo wa hamsini kamili. Nikaandika kwenye kidaftari changu: ONDOA TANO. Kuanzia siku hiyo, penye kibao cha hamsini mimi nilipita mshale ukiwa hamsini na tano, moyo mweupe, nikiwahurumia madereva wengine wanaojinyima haki yao.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mvua ziliharibu njia ya mtaani kwetu, nikachoka kusikia tumbo la gari likikwangua mawe, fundi akanifungia matairi makubwa zaidi. Gari likainuka, nikafurahi, nikalala usingizi. Kupima upya hakukunijia hata kwa ndoto.

Wiki mbili baadaye ikawa siku ya kwenda Kigwa kumposea Deo. Deo ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea tangu yuko darasa la pili, na ananiita baba. Binti aliyempenda, Salome, ni mtoto wa mkuu wa stesheni mstaafu, mzee aliyeishi maisha yake yote kwa ratiba, na alitutumia neno moja tu: saa nne kamili asubuhi. Ilijulikana wazi kwamba kabla yetu walikuja waposaji wengine, wakachelewa nusu saa (sisi huku tumezoea kwamba ugeni wa posa ukiahidi saa nne unaonekana saa saba, na hakuna anayenuna), wakakuta mzee amefunga mlango na kwenda shamba. Hawakuitwa tena. Usiku wa kuamkia safari Deo hakula. Asubuhi alinishika mkono akasema, "Baba, mimi nina Salome mmoja tu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hesabu ninazo: tutaondoka saa tatu, tutafika saa nne kasoro dakika tano.

Tulikuwa watatu garini. Mimi, Yustina kiti cha nyuma na vitenge vya zawadi, na mbele Mzee Maganga, baba yangu mdogo, ambaye ndiye angesema maneno ya posa. Zikiwa zimebaki kama kilomita kumi tukaingia kwenye kijiji chenye kibao cha hamsini, nami nikaweka mshale hamsini na tano, kama kawaida yangu. Trafiki akatoka nyuma ya kibanda cha fundi baiskeli na kunyoosha mkono. Alikuwa mwanamke wa makamo, sajenti, na tochi ya kupimia mwendo ikining'inia kifuani.

"Shikamoo babu," alianza na Mzee Maganga. Kisha akanigeuzia kioo cha tochi. "Hamsini na sita, baba. Hapa ni hamsini."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema samahani. Saa ilikuwa tatu na nusu, ningeandikiwa, ningeondoka, tungefika kwa wakati. Badala yake nilishuka na kidaftari.

"Afande," nikasema, "kwa heshima zote, chombo chako kinahitaji kukaguliwa. Mimi nilikuwa hamsini kamili, na ninaweza kuthibitisha." Nikaanza kumweleza mizunguko ya gurudumu. Nilieleza vizuri, hilo hata Yustina hakatai. Nilieleza vizuri mno, kiasi kwamba akina mama wa viazi waliacha meza zao, vijana wa bodaboda wakasogea, na fundi baiskeli akaja na spana yake mkononi.

Mzee Maganga akajaribu kuniokoa kwa njia ya kikubwa. "Mwanangu afande, sisi tunakwenda kuposa. Wewe mwenyeji wa wapi?"

"Kisarawe, babu."

"Mzaramo. Basi tumekwisha, tumekamatwa na mtani."

Yule afande uso ukamlegea. "Kumbe Wanyamwezi. Babu zenu walikuja kwetu pwani kwa miguu, pembe za ndovu begani, miezi mitatu njiani, na hakuna hata mmoja aliyezidisha mwendo. Leo mmepewa magurudumu manne tu, tayari matatizo."

Watu wakacheka, na mimi nilipaswa kucheka nao, maana mtani akishakutania umekwisha kusamehewa nusu. Lakini nilikuwa nimekwisha kupanda mti wa hesabu. Nikasema tupime. Nguzo za kilomita zilikuwa pale pale. Nikishika hamsini na tano, nikawatangazia wote, saa itasema sekunde sabini na mbili, na ikisema vinginevyo nitaomba radhi mbele ya kijiji kizima.

"Haya, mtani," akasema. "Kijiji kimesikia." Akampandisha garini konstebo wake na simu ya kuhesabia. Mzee Maganga akashuka kumpisha. Yustina alikataa kushuka.

Mara ya kwanza konstebo alisoma sekunde sitini na nne. Nikasema amechelewa kubonyeza. Mara ya pili, sitini na nne. Nikasema huenda nguzo moja iling'olewa na ng'ombe ikarudishwa vibaya (fundi baiskeli akaapa kwamba aliiona siku inasimikwa na haijawahi kuguswa). Tukaenda nguzo nyingine mbili, huko mbele. Sitini na nne. Niliandika kila moja, na tulikuwa tunarudi kwa watu nilipomsikia Yustina nyuma yangu, kwa sauti ya upole ambayo hunitisha kuliko ukali wake.

"Baba Neema, matairi haya si yale mapya?"

Tairi likiwa kubwa, kila mzunguko unakula barabara zaidi, na mshale hauna habari. Ile tano niliyokuwa naiondoa haikuwepo tena, ilikuwa imeliwa yote na kupitilizwa. Tochi ya afande ilikuwa sahihi kabisa, na mimi kwa wiki mbili nimepita mbele ya shule na zahanati nikienda mwendo nisioujua huku nikijisifu.

Niliomba radhi mbele ya kijiji. Nilianza na maneno "kutokana na badiliko la kipenyo", bodaboda mmoja akauliza kipenyo ndiyo nini, na afande akamjibu kwa niaba yangu, "Mtani wangu amejirefushia miguu, hatua bado anahesabu za zamani." Walicheka mpaka mama mmoja akakaa chini. Kisha afande akaniandikia kosa langu kama kawaida, utani pembeni na kazi pembeni, akasema, "Nendeni mkaoe. Polepole."

Ilikuwa saa nne kamili.

Njiani Mzee Maganga akakohoa. "Tutasema tulipata pancha. Pancha haina mwenyewe."

Nilishika mshale arobaini na tisa, ambayo sasa nilijua ni hamsini, na kila kilomita nilimwona Deo na sahani yake ambayo hajaigusa. Mguu uliniwasha kukanyaga. Sikukanyaga. Tulifika saa nne na dakika kumi na mbili, na mzee wa stesheni alikuwa amesimama uani, kofia kichwani, jembe limeegemezwa ukutani.

"Dakika kumi na mbili," akasema baada ya salamu, akiitazama saa yake ya mfukoni.

Mzee Maganga akafungua mdomo, nikajua pancha inakuja, nikamtangulia. Nikaeleza yote, nguzo, matairi, mtani, na kijiji kilichocheka, na kwamba kijana wetu hana kosa lolote, mwenye kosa ni mimi.

Alisikiliza bila kupepesa. "Mlipima mara ngapi?"

"Tatu, mzee."

"Na zote sitini na nne?"

"Zote."

Akaomba kidaftari, akasoma, midomo ikitembea. "Nimefanya kazi na madereva wa treni tangu ujana," akasema. "Wote walichelewa kwa sababu ya ng'ombe. Wewe ni wa kwanza kuchelewa kwa sababu yako mwenyewe." Akairudisha saa yake mfukoni. "Ingieni, chai inapoa."

Salome aliitwa, akaulizwa kama anawajua wageni hawa, akasema anawajua, yaani posa imekubaliwa. Mabega yangu yalishuka kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Mzee alitoa sharti moja tu, kwamba siku ya harusi binti yake asipande gari ninaloendesha mimi, nami nilikubali kabla hajamaliza sentensi. Matairi nimepima upya, mara sita, lakini tangu siku ile penye kibao cha hamsini napita mshale ukiwa arobaini na tano, na anayeona namchelewesha apige honi mpaka achoke.