Kura ya Aliyenyamaza

Juzi nilikuwa kwa fundi wa simu pale Osiri, nikingoja yangu ijae chaji, mama mmoja akaja kuchukua simu ya marehemu mumewe, iliyokuwa imeletwa kubadilishwa kioo. Mumewe alifukiwa kwenye shimo la dhahabu mwezi uliopita. Simu alikuwa ameiacha juu, ndani ya koti.

Fundi alipoiwasha, ujumbe wa grupu ya wachimbaji ukaanza kumiminika.

"Nisomee," mama akasema. "Macho yangu ni mabaya."

Kumbe grupu ilikuwa imebadilisha sheria ya kura. Zamani, ili jambo lipite, nusu ya wanachama walitakiwa kujibu, na watu hawakuwa wakijibu. Sasa asiyejibu hadi jioni anahesabiwa amekubali. Sheria nzuri sana kwa watu wenye haraka. Kura ya kwanza ikawa ya kufungua tena lile shimo, na ikapita.

"Na huyu wangu?"

Fundi alijikuna shingo. "Wamemweka kwa waliokubali, mama."

Mama alifuta kioo kipya kwa pembe ya leso, polepole, kama anayefuta uso wa mtoto.

"Andika hapana."

"Lakini kura ishafungwa, mama."

"Wewe andika tu."

Akaandika. Jibu la admin halikukawia: "Nani huyu anatumia simu ya marehemu?"

Kumbe wanajua amekufa. Alipokuwa anakubali, hakuna aliyekumbuka.