Goti la Fanuel

Kwa miaka tisa Fanuel alichuuza samaki wakavu kwa baiskeli, kutoka Homa Bay hadi soko la Migori, na kila mlima wa njia ile aliujua kwa goti. Goti lenyewe ni la kulia. Lilianza kuvimba mwaka 1962, alipoanguka na mzigo karibu na Rongo. Akalikanda kwa maji moto, akachanjwa dawa, akadungwa sindano. Wapi! Kufikia mwaka wa nne alikuwa akiendesha huku ameuma ukosi wa shati, asije akalia njiani.

Phelesia, mkewe, ndiye aliyemkokota hospitali ya misheni. Daktari Mzungu aliitazama picha ya eksirei, akasema maneno machache. Mirumbe, dresa Mkuria aliyekuwa akifunga vidonda hapo, akayafasiri kwa Kiswahili.

"Mzee, humo ndani mfupa unasaga mfupa. Tutaiunganisha hiyo miwili iwe mmoja. Maumivu yatakwisha, lakini goti halitakunjika tena maisha."

"Na baiskeli?"

Mirumbe hakumwuliza daktari. Alitikisa kichwa tu.

Nyumbani, kaka yake Zadock aliwaka. "Omera, ndugu yangu, unatoa mguu wa nyama upewe wa mti?"

 Wiki ile, goti lilipomchoma, Fanuel alikuwa amemrushia Phelesia kikombe cha chai moto, naye hakuwa amekosa lolote. Hilo lilimtisha kuliko kisu cha daktari. Akarudi misheni.

Alipasuliwa goti, akafungwa plasta kuanzia nyonga hadi kifundo, miezi minne. Ilipokatwa, alikanyaga sakafu akiusubiri ule mchomo. Haukuja. Alilia mbele ya wauguzi, mtu mzima na ndevu zake.

Yaliyofuata hakuna aliyemdokezea. Kanisani mguu ulichomoza njiani, watu wakajikwaa. Kwenye basi utingo alimfokea aukunje. Siku moja, akidhani haonekani, aliijaribu baiskeli kwa mguu wa kushoto pekee. Mteremko wa kwanza ukamtupa mtaroni. Phelesia, aliyekuwa akimwona tangu mwanzo, akaja akamwinua.

Mwezi uliofuata Phelesia aliishika biashara mwenyewe, akienda Migori kwa basi na magunia yake. Fanuel alibaki kuanika samaki.

"Wateja wamekuulizia, Baba Pamela," mkewe alimwambia jioni moja.

"Ukawaambia nini?"

"Kwamba umepona."

Fanuel aliendelea kukusanya samaki kutoka kichanjani, mmoja mmoja. Usiku ule alilala fofofo bila maumivu, na asubuhi, kwa kuwa hakuna safari iliyomngoja, hakutaka kuamka.