Maisha ya Mama Tokeni, Aliyembeba wa Mwenzake

Alizaliwa mwezi Machi mwaka 1938, katika nyumba ya vyumba viwili chini ya mlima, mtoto wa kwanza wa mchoma matofali na mkewe. Jina lake la ubatizo limo katika vitabu vya parokia, lakini hata padri aliyemzika alilazimika kulitafuta, kwa maana sote tulimjua kama Mama Tokeni. Miaka sita baadaye alizaliwa mdogo wake wa kike, ambaye homa ilimpooza miguu kabla hajafikisha miaka mitatu. Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyembeba mdogo wake shuleni, kanisani na bafuni. Kushona alifundishwa na mjane jirani yao, mwanamke mkali wa maneno lakini mwepesi wa mkono, aliyeendelea kumfundisha hata macho yake yalipokuwa yakififia. Wanaopenda kusikia kwamba watakatifu walianza kufunga na kukesha wakiwa wachanga watavunjika moyo hapa. Alikuwa msichana wa kawaida, mvivu wa kuamka, mwepesi wa kucheka, na mdomo alikuwa nao.

Mwezi Aprili mwaka 1961, baada ya mvua ya siku tisa mfululizo, udongo wa mlima uliporomokea mtaa asubuhi. Aliposikia mngurumo alimtia mdogo wake mgongoni akatoka mguu niponye. Njia yake ilipita mlangoni kwa yule mjane, ambaye sasa alikuwa kipofu kabisa. Mjane alisikia hatua akaita, "Nani hapo? Mwanangu, ni wewe?" Hakujibu. Alipita. Watu kumi na mmoja walizikwa wiki hiyo, na katekista alipokuwa akisoma majina yao makaburini, msichana alisikia jambo ambalo wengine hawakulisikia. Kulikuwa na kipofu, na kiwete aliyeishi peke yake, na mzazi wa siku mbili ambaye mumewe alikuwa safarini, na wazee wasio na watoto. Wote walikuwa watu wasio na mtu. Aliungama, akaondolewa dhambi, akarudi kuungama hiyo hiyo wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, mpaka padri akamwambia, "Binti, Mungu ameshasamehe. Acha kuja kulia hapa, nenda ukafanye kitu." Maneno hayo yalimwingia, nasi tunayahesabu kuwa ndiyo wito wake.

Alichukua daftari lake la vipimo vya nguo, akaligeuza, akaanza upande wa nyuma. Alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja: "Nani humu ndani hawezi kutoka mwenyewe?" Kila aliyetajwa aliandikiwa mtu wa kumbeba siku ya hatari, na sharti lilikuwa moja, nalo liliwaudhi wengi: hakuna atakayembeba wa kwake. Wa kwako atafuatwa na jirani, wewe mfuate wa jirani. Walipombishia, alijibu kwamba kila mtu akimbeba wake, asiye na mtu anabaki, na hilo alilijua vizuri kuliko wao. Kila Jumamosi alipanda mlimani na utepe wake wa kushonea kupima ufa uliokuwa juu ya mtaa. Kila baada ya miezi mitatu, misa ikiisha, kengele ililia harakaharaka naye akapita barabarani akipaza sauti, "Tokeni! Tokeni!", mpaka watu wote wakawa katika shule iliyojengwa juu ya mwamba. Yeye mwenyewe alijiandikia fundi saa mstaafu, mzee asiyetaka kubebwa na mwanamke wala kuombewa na mtu yeyote. Njia nzima mzee alitukana mgongoni, naye alisali kwa sauti kubwa ili amzidi.

Majaribu hayakukosekana. Mwaka 1974 ufa ulipanuka vidole viwili, akawatoa watu wote, wakakaa shuleni siku moja na nusu. Jua likawaka. Mlima haukutikisika. Muuza nyama wa mtaa alikuja barazani kwake mbele ya wateja akasema, "Mlima wako uko wapi, mama? Nyama yangu imeoza, mlima umesimama!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Paroko mpya akakataza kengele, na kwa miezi saba hakuna aliyefanya zoezi. Yeye aliendelea kubisha hodi na daftari lake. Shangazi yake alipomuuliza kama haoni aibu, alijibu, "Aibu ninaiona, shangazi. Lakini haijanizuia kutembea." Hatimaye paroko alipanda mwenyewe mlimani, akaingiza mkono katika ufa mpaka begani asiguse mwisho, akashuka na kurudisha kengele. Muuza nyama naye alikubali kuandikwa tena, shingo upande. Mama Tokeni akamkabidhi mdogo wake, kwa sababu mtaani hapakuwa na mgongo imara kama wake.

Jumanne moja ya Novemba mwaka 1979, saa nne asubuhi, mvua ikiwa siku ya tatu, utepe ulionyesha kwamba ufa umeongezeka upana wa kiganja tangu Jumamosi. Alishuka mbio, kengele ikalia. Njia ya kwenda kwa fundi saa ilipita mlangoni pa nyumba yake mwenyewe. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani.

"Dada, amekuja?"

"Anakuja."

"Na asipokuja?"

Jirani mmoja alimwona ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kama anayezuia nyumba isianguke. Kisha akasema, "Anakuja, mdogo wangu," na mdogo wake akamjibu, "Basi nenda. Ukichelewa yule mzee atakutukana." Akaenda.

Alifika shuleni na fundi saa mgongoni, akaanza kuita majina. Walikuwa watu mia nne na kumi na wawili, ishirini na tisa kati yao wamebebwa. Muuza nyama aliingia akihema, na aliyekuwa mgongoni mwake alikuwa mama yake mzazi. Nyuma yake alikuja fundi viatu, aliyeandikiwa kumbeba bibi huyo, mikono mitupu. Alikuwa amemtafuta chumba kwa chumba katika nyumba tupu. Mama Tokeni alielewa, akaliacha daftari, akakimbia. Hakufika hata getini kabla mlima haujashuka. Mdogo wake alipatikana siku ya pili, amejikokota mpaka kizingitini. Hakufa mwingine.

Baada ya mazishi muuza nyama alikuja akasimama uani, asithubutu kuingia. "Nilimbeba mama yangu," alisema. Mama Tokeni akamwambia, "Na mimi niliwahi kumbeba wangu." Ndipo akamsimulia habari za mjane, ambazo mpaka siku hiyo alikuwa amezisema kwa padri tu. Walilia pamoja, nami siandiki zaidi, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwapo. Wiki mbili baadaye alibisha hodi kwa muuza nyama na daftari mkononi, akauliza swali lile lile aliloliuliza kila mlango, akamwandika.

Wapo wanaosimulia kwamba siku ile gauni lake halikuguswa na tope. Nimewauliza waliomwona: alikuwa na tope mpaka masikioni. Mimi muujiza nauona katika mtaa uliojaa magomvi uliotoka wote kwa dakika ishirini, na katika mwanamke aliyeweza kuliandika tena jina la mtu huyo.

Mwaka 1992 nyonga zake zilikataa, ikabidi naye aingizwe katika orodha ya wa kubebwa. Wengi waliomba kumbeba. Alimchagua muuza nyama, ambaye sasa alikuwa na mvi, na watu walipomuuliza alisema tu kwamba huyo hatachelewa. Alimbeba katika kila zoezi kwa miaka kumi na mmoja. Mama Tokeni alifariki kitandani kwake mwezi Julai mwaka 2003. Miaka mitatu baadaye mlima ulishuka mara ya tatu, ukazika nyumba arobaini, na ndani yake hapakuwa na mtu.

Ndugu waamini, kumheshimu mama huyu kwa mishumaa ni vyema, lakini mishumaa hakuitaka. Leo, kabla ya chakula, nenda kwa jirani ambaye husemezani naye. Bisha hodi. Muulize nani humo ndani hawezi kutoka mwenyewe, na akikujibu, mwambie utakuja wewe.