Mstari wa Alhamisi

Mume wangu anashona magodoro, na yeye mwenyewe halali. Mganga hajigangi. Watu wazima huja karakana wakilalamikia migongo, naye huwauliza wanalalia ubavu gani, wanaamka saa ngapi, kisha huwatengenezea godoro ambalo ukilijaribu tu, macho yanakuwa mazito. Yeye jioni akishaoga na kula, hupanda ngazi ya nyuma mpaka juu ya paa, na kitanda chetu kinabaki na mimi.

Karakana iko chini, nyumba iko katikati, na paa letu ni la zege, tambarare. Mchana, kule chini, pamba huelea kwenye mwanga wa dirisha bila haraka yoyote, ikatua kwenye nyusi zake na kwenye sindano yake ndefu ya shibiri nzima. Hata akipanda juu bado ana pamba masikioni. Majirani wanamwita Askari wa Mwezi. Mimi nina majina yangu ya kumwita, lakini hayo ni ya chumbani.

Juu kuna darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Ni bomba nene la plastiki, lile la maji machafu (alilinunua jipya, nashukuru), akalipaka rangi nyeusi ndani na nje. Chini yake ameweka kioo cha mviringo alichokisugua kwa mkono miezi minane, na bomba lenyewe linashikiliwa na mbao za kitanda chetu cha zamani. Kwa bomba hilo hutazama kitu kimoja tu: galaksi, yaani kundi la nyota zisizo na idadi, lililo mbali mno hata kwenye darubini linaonekana kama kipande cha pamba kilichochambuliwa. Ameiita Pamba. Kwa miaka kumi na moja, kila jioni isiyo na mawingu katika miezi ambayo Pamba huonekana, ameitazama, kisha akaandika kwenye daftari tarehe, saa, na maneno mawili: Hakuna jipya.

"Baba watoto," nilimwambia siku moja, "si uandike mara moja, halafu chini uweke alama za kurudia?"

"Siku moja nyota itapasuka mle," akasema. "Ikipasuka, watu watauliza ilianza lini. Hapo ndipo 'hakuna' ya jana yake inapopata kazi. Anayesema hakuna, kama ametazama kweli, amesema jambo."

Nikamwambia basi mimi ni bingwa, maana kila nikifungua mkebe wa sukari nasema hakuna, na hajawahi kuja mtafiti.

Ana wenzake sita wenye wazimu huohuo, waliotawanyika miji mbalimbali, wakiandikiana kwa simu. Anayewaongoza ni mwalimu wa hesabu wanayemwita Katibu, mtu ambaye nadhani hata mtoto wake akimwamkia huuliza ushahidi.

Sasa, Alhamisi moja homa ikamshika mume wangu. Ilipofika jioni alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi matatu, na bado anatafuta viatu.

"Anga imetakata," akasema. "Siwezi kuikosa."

"Lala. Nitaenda mimi."

Nilisema hivyo ili anyamaze. Yeye akaushika mkono wangu kama mtu anayekabidhi nyumba. Saa mbili na dakika kumi, akanieleza, geuza bomba mpaka mshale wake ukutane na alama ya chaki kwenye mbao, weka jicho kwenye kitundu cha ubavuni, ukiona nyota ngeni niite. Alieleza na mengine, lakini meno yalikuwa yakigongana na mimi nilikuwa na uji jikoni. Kuuliza si ujinga, ila mwenye uji jikoni haulizi.

Nikapanda. Nikaupeleka mshale kwenye chaki, nikaweka jicho. Giza. Nikabadilisha jicho. Giza lilelile, laini, kama lile la kufumba macho ukiwa umechoka sana. Nilikaa dakika kumi nzima, na nakiri nilizifurahia: hakuna aliyeniita, hakuna kilichokuwa kikiungua. Nikadhani kumbe hiki ndicho anachokifuata huku juu miaka yote, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikamwelewa.

Nikashuka. "Hakuna kitu," nikamwambia.

"Hakuna jipya?"

"Hakuna."

Akaandika, akalala fofofo.

Ijumaa kulikuwa na mawingu kwetu. Jumamosi mchana nikasikia ukelele kutoka karakana, nikateremka mbio nikijua sindano imemwingia. Nilimkuta amesimama na simu katikati ya pamba inayoelea, na mteja aliyekuwa akijaribu godoro ameketi ghafla, anaangalia huku na huku. Mmoja wa wenzake alikuwa ameona, usiku wa Ijumaa, nyota ngeni ndani ya Pamba. Nyota imepasuka. Wao huita supanova.

Chini ya ujumbe huo Katibu alikuwa ameandika: "Jumatano tulitazama, haikuwepo. Alhamisi kwa wote waliojibu kulikuwa na mawingu. Yupo aliyeona Alhamisi?"

Mume wangu alijibu kwa kidole kimoja: "Ninayo Alhamisi."

"Tuma mstari wako jioni hii. Watafiti wanausubiri."

Akalikumbatia daftari kifuani. "Miaka kumi na moja, mama watoto. Na mstari wenyewe umeupata wewe."

Nilijisikia mkubwa. Nakuambia ukweli, siku hiyo nilipika nikiimba.

Hakutaka kutuma kabla hajamwona mgeni kwa macho yake, kwa hiyo giza lilipoingia tukapanda wote wawili. Paa lilikuwa bado na joto la mchana. Akalizunguka bomba, akanyoosha mkono mpaka kwenye mdomo wa bomba, akabandua kitu cha mviringo, cheusi, akakiegemeza ukutani.

"Hicho nini?" nikauliza.

"Kifuniko. Cha ndoo ya rangi. Kinazuia vumbi."

"Kinakaa hapo siku zote?"

"Siku zote, mpaka nikitoe."

Nikalikumbuka giza lile la Alhamisi. Yeye alikwishaweka jicho. Akasema polepole, "Ipo," kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Akaanza kuniambia kwamba mwanga ule ulitoka kule kabla hajawako mtu yeyote duniani wa kuutazama, ukasafiri wakati wote huo, mpaka wiki hii. Mimi nilikuwa nakitazama kifuniko. Nani angejua? Kifuniko hakina mdomo. Nikinyamaza, mume wangu anapata alichokisubiri miaka kumi na moja. Akatoa simu, akafungua daftari kwa mwanga wake, akaanza kuandika.

"Usitume," nikasema.

Akainua uso.

"Alhamisi sikukitoa. Sikujua kama kipo. Nilitazama giza, nikakwambia hakuna."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Ulitazama muda gani?"

"Dakika kumi."

"Dakika kumi unatazama kifuniko cha rangi?" Akacheka, akacheka mpaka akakohoa, kisha kicheko kikakatika katikati. Nilimwomba radhi mpaka maneno yakaniishia.

"Kosa ni langu pia, sikukueleza vizuri," akasema. "Lakini inaniuma. Sikufichi."

Akashuka kuchukua rula. Aliukata mstari wa Alhamisi kwa rula, na hadi leo ndio pekee uliokatwa katika daftari lile. Kisha akawaandikia wenzake: "Alhamisi hatukutazama. Kifuniko hakikutolewa." Katibu akajibu: "Asante. Tutaandika haijulikani."

Ndipo akanishika bega. "Njoo sasa uone ulichokikosa."

Niliona kijiwingu cheupe, hafifu, na ubavuni mwake nukta moja ndogo, imetulia. Akanipa kalamu, nikaandika mstari wa Jumamosi kwa mkono wangu: Ipo.

Toka hapo nikawa napanda naye. Wiki baada ya wiki nukta ile ikawa inafifia, na alama ya chaki, ambayo mume wangu huichora upya kufuata anga, ikihama juu ya mbao, mpaka ikafika upande wa pili. Baada ya miezi mitatu, jioni moja, alibanwa na magodoro ya bweni, akaniomba nipande peke yangu. Nilibandua kifuniko nikakiweka chini, mbele ya miguu yangu, nikione. Nikaupeleka mshale kwenye chaki, nikatazama kwa muda mrefu kuliko Alhamisi ile. Kijiwingu kilikuwepo. Kando yake hapakuwa na kitu.

Machozi yakanitoka, sijui kwa nini, nyota yenyewe si ya kwetu. Nikayafuta, nikatazama tena ili niwe na hakika. Kisha nikaandika: Hakuna jipya.