Madirisha Mawili ya Shivachi

Hapa mtaani Gatwekera hakuna nyumba iliyochekwa kama ya Shivachi. Ina madirisha mawili, na kila moja limefunikwa kivyake: moja kwa bati, la pili kwa mbao za saiprasi. Kwanza alijaribu plaiwudi, lakini mvua ya Aprili iliivimbisha ikaachana tabaka kwa tabaka. Wapita njia walimuuliza kama pesa zilimwishia katikati ya kazi. Mimi jirani yake nilichoka kumtetea.

Useremala anaujua, ila fundi asiye na karakana nani atamwamini? Kila asubuhi alienda kutafuta kibarua cha mjengo, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Ndipo Wacera, mwenye ploti ya kupangisha kule Kawangware, akasema anataka vifuniko vya madirisha ya vyumba vyake vyote, lakini aone kwanza kazi ya fundi. Shivachi akiipata hiyo, kibarua kwaheri. Niliomba aipate mpaka nikajishangaa.

Wacera alikuja kuyaona madirisha ya Shivachi Jumamosi, jua likiwaka.

“Bati haivimbi, na mchwa hawaiwezi,” Shivachi alimwambia. “Lakini inashika joto, na mvua ikinyesha hamsikizani. Mbao iko poa, ila usipoipaka mafuta itavimba, dirisha ikatae kufunga.”

“Sasa fundi, unaniuzia ama unanikataza?”

Nilitamani kumfinya Shivachi. Mtu gani huyu anayetaja kasoro za kazi yake mbele ya mteja?

Wacera akamgeukia Phanice, mke wa Shivachi. “Mama Billy, mtoto analala wapi?”

Phanice akaonyesha kigodoro chini ya dirisha la mbao. “Alikuwa hapo kwa bati. Mvua ikianza anashtuka, analia. Mchana nikifunga vumbi isiingie, anatoka jasho. Nikamhamisha.”

“Fundi ndiye alikuambia?”

“Huyu? Hata hajawahi kuuliza.”

Wacera aliweka kiganja kwenye bati, akakiondoa upesi. Akakiweka kwenye saiprasi, na hapo akakiacha.

“Nitengenezee kama hii ya mtoto,” alisema. “Na hayo mafuta usisahau.”

Nilifurahi utadhani kazi nimepewa mimi.

Jumatatu Shivachi hakwenda mjengo. Alikata mbao mlangoni pake tangu asubuhi, msumeno ukipiga kelele hadi kwangu. Ndani, dirisha la saiprasi likiwa limefungwa, Billy alilala fofofo.